Kazi ya wakili wa chama cha wafanyakazi haianzi mahakamani

Ndugu mwandishi, makala yako imemweleza wakili wa chama cha wafanyakazi aliyeingia bungeni kana kwamba sifa yake ni kusema vizuri tu. Hapa Tanga, penye mashamba ya mkonge na bandari, tunajua kazi yenyewe ni tarehe na karatasi.

Mkata mkonge akiachishwa kazi, lalamiko la kuachishwa isivyo halali lazima lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachosikiliza migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Madai mengine ni siku 60. Wengi wanapoteza haki hapa: bwana shamba anamwambia "subiri, tutakuita", naye anasubiri mpaka muda umepita. Kuanzia hapo inabidi aombe kwanza kuongezewa muda na aeleze sababu za kuchelewa, na "niliahidiwa kwa mdomo" ni sababu dhaifu mno. Ndiyo maana wakili mzuri huanza na barua ya kuachishwa: imeandikwa lini, imepokelewa lini, nani amesaini.

Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, nao hauji kwa hotuba. Chama kinatakiwa kiwe na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaohusika, kwa hiyo fomu ambazo wanachama wanasaini kukubali kukatwa ada zihesabiwe moja moja, kwani mwajiri atazipinga.

Rashidi Kawawa hakuwa wakili, lakini alitoka ukatibu mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika lililoanzishwa 1955, akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika 1962. Mbunge aliyetoka kwenye chama cha wafanyakazi mpimeni kwa vifungu vya sheria anavyorekebisha, hasa hizo siku 30.