Mwacheni naye agombezwe na kocha

Jumamosi hapa Torino, Italia, nikitazama mpira wa kikapu, nilimsikia kocha akimfokea kijana mwenye hali ya Down, ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, mbele ya wazazi: "Rudi ukabe! Umesimama unaangalia nini?" Kijana akanuna, akarudi, akakaba. Mamake alikuwa karibu yangu na hata hakushtuka. Nilifurahi mno. Usiku nikapandwa na hasira, maana nilimkumbuka mpwa wangu Malindi, aliye na hali kama hiyo, ambaye hakuna kocha aliyewahi kumgombeza.

Kwetu anabembelezwa. Ni "masikini wa Mungu", anapewa mkoba wa jezi abebe, anagawa maji, mechi ikiisha anapigwapigwa begani. Mguu wake wa kushoto unatuliza mpira kuliko wa mabeki kadhaa niwajuao, lakini kuingia uwanjani, hapana. Kocha alimwambia dadangu, "Mama, akiumia huyu nitakujibu nini?" Dadangu akashukuru kwa kuhurumiwa. Mimi sishukuru.

Najua mshaanza: huyu kashakuwa Mtaliano, anatudharau. Hebu nisikilizeni. Mtoto hapa hagusi mpira wa klabu bila cheti cha daktari, na jirani wa mlango wa pili hamjui hata jina. Kwetu bahari ikipwa pale ufukweni Buntwani watoto wanagawana timu wenyewe, mpwa wangu anachaguliwa kama wengine, na akikosa bao anasemwa kama wengine. Hilo hapa sijaliona, na najivunia kuwa natoka kunakotendeka hivyo. Kinachoniuma ni kwamba usawa huo unakwisha pale mtu mzima mwenye kipenga anapofika.

Mchezo niliokuwa nikiutazama unaitwa baskin, mpira wa kikapu uliobuniwa Cremona mwaka 2003. Sita kwa sita, wavulana kwa wasichana, wenye ulemavu na wasio nao. Vikapu ni sita: viwili vya kawaida na vinne vya pembeni. Kila mchezaji ana namba, 1 hadi 5, kwa kadiri ya anachoweza, na mwenye uwezo mkubwa haruhusiwi kumkaba aliye chini yake. Kwa hiyo kocha haulizi kama mtoto ataweza. Anauliza ni namba ngapi, kisha anamdai kazi ya namba yake.

Mtasema Wazungu wana roho nzuri. Hapana, wamezoeshwa. Sheria namba 517 ya mwaka 1977 ilifuta madarasa ya peke yao, kwa hiyo kocha yule ni wa kizazi kilichosoma darasa moja na watoto kama hawa. Makocha wetu walipokuwa shule, wenzao hawa walikuwa kitengo cha pembeni au wamefungiwa ndani. Wangewazoea wapi? Hofu yao naielewa. Siikubali tu.

"Kocha wa mtaani halipwi." Kweli, na hata huyu wa Jumamosi anajitolea. "Hatuna vikapu sita." Sikuomba vikapu. Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili iliyoanza Chicago mwaka 1968 na ambayo Kenya imo, ina kandanda ya mchanganyiko: katika timu ya watano, watatu wana ulemavu wa akili na wawili hawana. Inataka mpira mmoja na kipande cha uwanja. "Mpira wetu ni wa kombe, watu wanataka ushindi." Basi fainali mchezeni nyinyi. Mimi nazungumzia mazoezi ya jioni, apangwe, akimbizwe, akichelewa azungushwe uwanja kama wenzake.

Na kama tatizo ni lawama, dadangu yuko tayari kuandika kwa mkono wake kwamba mwanawe akivunjika mguu hakuna kesi. Mbona watoto wa wenzake wanavunjika kila msimu pale uwanja wa Alaskan na hakuna kocha anayewauliza mama zao atawajibu nini?