Makombo ya Dar yana wa kuyala

Pita soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo malori yakishashusha mzigo, uone kinachobaki chini: ndizi zilizopondeka, nyanya zilizopasuka, majani ya kabichi yamekanyagwa hadi yamegeuka tope. Gari la taka likija, safari ni dampo la Pugu Kinyamwezi. Huku nyuma, mfugaji wa nguruwe wa Kitunda au Kibamba analia na bei ya pumba na mashudu. Huu ni ufujaji, na unaniuma, kwa sababu dawa yake iko mikononi mwetu: tuchachushe makombo, tulishe nguruwe.

Ila yachemshwe kwanza. Hapo sitaki mjadala. Wapo wanaosema uchachu peke yake unaua kila kidudu. Usiutegemee. Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika hukaa ndani ya mabaki ya nyama ya nguruwe, na ugonjwa huo hauna tiba. Ukiingia bandani unafagia. Uingereza mwaka 2001 ulilipuka ugonjwa wa miguu na midomo, na uchunguzi ukaelekeza kwenye shamba la nguruwe waliolishwa makombo mabichi. Mifugo iliyochinjwa ilipita milioni 6. Waingereza wakapiga marufuku kulisha mifugo makombo ya jikoni. Wajapani walishika njia nyingine: kule Sagamihara kuna kiwanda kinachopasha moto mabaki ya chakula, kisha kinayachachusha kuwa uji wa nguruwe. Njia hiyo ndiyo ya kuiga.

Kwa mfugaji mdogo, kazi inaanza na kuchambua. Makombo ya mama ntilie yana vijiti vya meno, mifuko, mifupa, vyote vitoke. Chemsha, yatokote nusu saa na zaidi huku unakoroga hadi chini. Yakipoa changanya na pumba na molasi kidogo. Kwa kuwa moto umeua hata bakteria wazuri, tia mtindi, au chota kwenye pipa lililotangulia. Shindilia, funga mfuniko hewa isipite. Kwa joto letu hili, siku chache tu unafungua na pua inakwambia: harufu kali kidogo, tamu kwa mbali, kama togwa. Uchachu huo ndio unaomzuia salmonela, bakteria wa kuharisha, asistawi. Ukiona ukungu au ukisikia uvundo, mwaga, usione huruma. Na maji safi yasikauke bandani, maana makombo ya hotelini yana chumvi nyingi.

Kinachotukwamisha ni pipa moja la taka kwa kila kitu. Chakula kikishachanganyika na chupa na pampasi, hakuna wa kukitenganisha. Manispaa ziweke pipa la pili masokoni, la mboga na matunda tu, na guta za wafugaji ziruhusiwe kulichukua alfajiri. Tuanzie hapo, maana hakuna nyama ndani yake na hatari ni ndogo. Wenye migahawa wafuate, kwa hiari yao. Dar wengi hawali nguruwe, kwa hiyo mfugaji aje na madumu yake mwenyewe, yasiingie jikoni kwa mtu, na aseme wazi makombo yanakwenda wapi.