Naivasha nasi tuna mipaka ya kupigania

Nimesoma hadi mwisho habari ya mahakama za Marekani na kesi za ramani za uchaguzi, yaani mipaka ya majimbo inayochorwa ili kupendelea chama fulani. Wanaowalaumu majaji kwa kutozuia ramani hizo wakumbuke kwamba mwaka 2019 Mahakama ya Juu kule iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kuwa mahakama za shirikisho hazina uwezo wa kusikiliza malalamiko ya ramani kupendelea chama. Mwananchi aende wapi basi?

Sisi Wakenya mlango tunao. Ibara ya 89 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kupinga mipaka ya maeneo bunge katika Mahakama Kuu ndani ya siku 30 baada ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kesi iamuliwe kwa miezi mitatu. Shida ni kwamba hatuna mipaka mipya ya kupinga! Mapitio ya mwisho yalikuwa 2012. Ukomo wa miaka 12 wa kuipitia tena, uliowekwa na Katiba, ulipita Machi 2024, tume ya uchaguzi, IEBC, ikiwa haina hata kamishna mmoja.

Hapa Naivasha sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 350,000, na mbunge wetu ni mmoja. Kaunti nzima ya Lamu haikufika 150,000, ina wabunge wawili. Simwonei Mlamu kijicho, visiwa vina shida zake. Lakini basari ya NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo wa kila eneo bunge, hapa inagombaniwa na watoto wengi mno, na hilo linaniuma sana.

Wenzangu wa Karagita na Kihoto, IEBC ikija kukusanya maoni tujitokeze. Tusiwaachie wanasiasa peke yao.