Kampuni Imekua, Uongozi Umebaki Palepale

Watu wanane wanaofanya kazi chumba kimoja hawahitaji mchoro wa kuwaonyesha nani yuko chini ya nani. Mteja akilalamika, wote wanasikia. Malipo yakichelewa kuingia, habari inawafikia kabla ya jioni. Mwanzilishi anaujua kila mkataba, anasaini kila hundi, na mwenye swali hugeuza kiti tu akauliza. Miaka michache baadaye wamekuwa 60, na hundi zote bado zinasubiri saini ileile. Idara ya mauzo imemwahidi mteja tarehe moja, ya uzalishaji inaijua nyingine. Mameneja wameteuliwa na vyeo wanavyo, lakini mfanyakazi anayetaka jibu la uhakika humruka meneja wake na kwenda juu, kwa sababu ameshaona jibu la meneja likitenguliwa asubuhi inayofuata.

Ukipiga hesabu, hali hii haishangazi. Watu 8 wana jozi 28 za kuzungumza wawili wawili. Watu 60 wana jozi 1,770. Idadi ya wafanyakazi imepanda mara saba na nusu, ilhali njia ambazo habari inaweza kupita, au kupotelea, zimepanda zaidi ya mara 60. Utaratibu uliotosha mwanzoni haukuwa mbaya. Umezidiwa. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wazuri wakilaumiana miezi mingi pale ambapo wangepaswa kukaa chini na kuhesabu.

Wanaotafuta tiba huishia kwenye moja ya kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema weka ngazi: teua wakuu wa idara, chora muundo, kila mtu awe na bosi mmoja na bosi huyo awe na mipaka. Hoja hii ni ya zamani na ina uzito. Henri Fayol, mhandisi wa Ufaransa aliyeongoza kampuni ya migodi kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1916 kwamba mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja tu. Ni lilelile la manahodha wengi na chombo kwenda mrama. Aliyewahi kupewa kazi mbili za haraka na wakubwa wawili wasiozungumza anajua kwamba anayeumia si wakubwa hao.

Ushahidi wa kambi hii haukomei kwenye vitabu vya zamani. Mwaka 2002 Google ilijaribu kuishi bila mameneja katika idara ya uhandisi, ikiamini wahandisi wazuri wakiachwa huru watafanya kazi vizuri zaidi. Jaribio lilidumu miezi michache. Watu walianza kumfuata Larry Page mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa Google, na maswali ya marejesho ya gharama na ugomvi wa wao kwa wao. Miaka kadhaa baadaye kampuni hiyohiyo ilichunguza takwimu zake za ndani kuona kama mameneja wana faida yoyote, ikakuta kwamba timu zenye mameneja wazuri zilikuwa na watu walioridhika zaidi na walioondoka kwa uchache zaidi. Sifa zilizoongoza katika orodha ya meneja mzuri zilikuwa kufundisha vizuri, na kuwapa watu nafasi bila kuwaingilia katika kila jambo dogo. Ujuzi wa kiufundi ulikuja mwishoni mwa orodha.

Kambi ya pili inajibu kwamba ngazi ndizo zinazoua kampuni changa. Kila ngazi ni mahali pa habari kuchelewa, pa ripoti kulainishwa ili isimuudhi aliye juu, na pa mtu mwenye cheo kuhitaji vikao ili cheo kionekane. Nao wana mfano. Kampuni ya W. L. Gore, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1958, ilijengwa kwa makusudi bila mlolongo mrefu wa wakubwa na wadogo, na imedumu. Lakini wanaoitaja Gore husahau nusu ya habari: mwanzilishi wake, Bill Gore, alisisitiza viwanda viwe vidogo, kila kimoja kwa kawaida kisizidi watu 200 hivi, kwa sababu aliona kwamba idadi ikipita hapo watu huacha kufahamiana. Uhuru ule ulilipiwa kwa majengo ya ziada. Kampuni inayotaka kufuta vyeo huku ikirundika watu 400 katika ofisi moja haiigi Gore.

Mfano unaoonya ni Zappos, wauza viatu mtandaoni, walioamua kuondoa mameneja na kugawa kazi kwa makundi yanayojiongoza. Mwaka 2015 wafanyakazi waliambiwa kwamba asiyeukubali mfumo huo anaweza kuchukua malipo ya kuondoka, na takriban asilimia 14 wakaondoka. Si wote walioondoka kwa kuuchukia mfumo. Malipo yalikuwa mazuri. Hata hivyo gharama ya kugeuza muundo wa watu waliokwisha kuuzoea mwingine ilionekana wazi.

Binafsi, hoja inayonizuia kuikubali kambi ya pili moja kwa moja ni ile aliyoitoa mwanaharakati wa Marekani, Jo Freeman, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akizungumzia vikundi vya wanawake vilivyojivunia kutokuwa na viongozi. Alisema hakuna kundi lisilo na muundo. Lipo tu kundi ambalo muundo wake umefichika, na uliofichika huwafaa walio karibu na wenye nguvu. Iangalie kampuni yoyote inayosema "sisi hapa hatuna mabosi". Wapo watu watatu ambao bila wao hakuna kinachopita, na mgeni atachukua nusu mwaka kuwatambua. Msichana aliyeajiriwa jana, asiyekula chakula cha mchana na hao watatu, hana pa kupeleka hoja yake. Mchoro wa uongozi, pamoja na ubaya wake wote, angalau unamwambia aende wapi.

Basi ngazi zimeshinda? Hapana. Mwaka 1972 mwanazuoni wa uongozi, Larry Greiner, alieleza katika jarida la Harvard Business Review jinsi kampuni zinavyokua kwa vipindi, na kwamba tiba ya kipindi kimoja huzaa ugonjwa wa kipindi kinachofuata. Mwanzilishi akilemewa, analetwa meneja mwenye mkono thabiti. Kampuni inatulia, kisha walio chini wanabanwa wakitaka uhuru. Wakipewa uhuru, walio juu wanahisi usukani umewatoka. Zikiwekwa taratibu za kuuratibu uhuru huo, baada ya muda kila kitu kinakwama kwenye fomu. Siuchukui mpango huo kama ratiba ambayo kila kampuni lazima iifuate. Ninachochukua ni onyo lake: dawa iliyoiponya kampuni ya jirani inaweza kuwa ndiyo inayokuumiza wewe, kwa sababu hamko kipindi kimoja.

Kwa hiyo nadhani ubishi wa ngazi au bila ngazi unaanzia mahali pasipofaa. Utafiti wa kurekebisha uongozi unapaswa kuanza na maamuzi, si na mchoro. Chukua maamuzi kumi au kumi na tano ya miezi miwili iliyopita ambayo yalichelewa, yalitenguliwa au yalizua ugomvi: kumrudishia mteja pesa, kuajiri mtu, kutoa punguzo, kununua mashine, kubadilisha tarehe ya kukabidhi kazi. Kwa kila moja andika nani aliliomba, nani alipaswa kuamua, nani aliamua kweli, zilipita siku ngapi, na kama kuna aliyelibatilisha baadaye. Kazi hii ni ya wiki moja na haihitaji programu yoyote ya kompyuta. Barua pepe na kumbukumbu za vikao zinatosha.

Katika karatasi hiyo kasoro huwa hazifanani. Kuna maamuzi yenye wenyewe wawili, na dawa yake ni kumchagua mmoja na kumtangaza. Kuna yasiyo na mwenyewe kabisa, yanayozunguka kutoka kikao hiki hadi kile. Kuna yenye mwenyewe kwa jina tu: meneja wa huduma kwa wateja anayetakiwa kutatua malalamiko lakini haruhusiwi kutoa hata shilingi moja bila kibali. Na kuna yaliyo na mwenyewe halali ambaye amefurikwa, mwenye watu 20 wanaomsubiri mlangoni. Ni hili la mwisho peke yake linalotibiwa kwa kuongeza ngazi. Katika yale matatu mengine, meneja mpya ataongeza mshahara na kikao kimoja zaidi.

Nani afanye uchunguzi huo? Mshauri wa nje husikia mambo ambayo wafanyakazi hawawezi kumwambia bosi wao, na hilo ni jambo kubwa. Tatizo ni kwamba huja na muundo aliokwisha kuutumia kwingine na huondoka kabla matokeo hayajaonekana. Mtu wa ndani anaijua historia, lakini naye ni sehemu ya historia hiyo. Mimi ningempa mtu wa ndani asiye na idara ya kuitetea, mathalani mhasibu au mtunza kumbukumbu anayeheshimika, na mwanzilishi asiwepo kwenye mahojiano. Akikaa pale, atapata majibu ya adabu.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kupoteza muda, kwamba tatizo ni watu wabovu na dawa ni kuwaondoa. Wakati mwingine wana haki. Ila tuangalie hao watu walifikaje pale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wafanyakazi wa mauzo katika kampuni za Marekani ulionyesha kwamba waliouza zaidi ndio waliopandishwa cheo zaidi, na kwamba wauzaji bora waliogeuzwa mameneja waliziongoza timu zao vibaya kuliko wengine. Kampuni inapoteza muuzaji hodari na kupata msimamizi dhaifu siku moja. Huyo hakuwa mtu mbovu. Cheo kilikuwa zawadi pekee iliyokuwepo. Mahali ambapo mtaalamu anaweza kuongezewa mshahara na heshima bila kupewa watu wa kuwasimamia, shida hii hupungua sana, na ningeliweka hilo mbele ya kumfukuza mtu yeyote.

Kuna jaribio moja linalonipa matumaini. Watafiti akiwemo Nicholas Bloom walipeleka washauri bila malipo katika viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Hawakuanza kwa kubadilisha vyeo. Walianzisha kumbukumbu za mashine zinazosimama, kasoro za kitambaa na mali iliyoko ghalani, pamoja na kikao kifupi cha kila siku cha kuzijadili. Tija ilipanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Kabla ya hapo wamiliki walisita kumkabidhi mtu asiye wa familia maamuzi makubwa, kiasi kwamba ukubwa wa kampuni ulifungwa na idadi ya wanaume katika familia. Habari zilipoanza kuonekana kwenye karatasi, waliwaachia mameneja maamuzi zaidi. Hawakuhubiriwa kuamini watu. Walipata njia ya kuona kinachoendelea bila kusimama juu ya kila mashine.

Hapo ndipo mwanzilishi wa kampuni yetu ya watu 60 anapoingia. Baada ya karatasi ya maamuzi, na baada ya kuweka ripoti fupi ya kila wiki anayoweza kuisoma kwa dakika kumi, anatangaza mbele ya wote kiwango cha fedha ambacho meneja anaweza kuidhinisha bila kumuuliza. Wiki za kwanza mambo huwa shwari. Kisha meneja anafanya kosa ndani ya kiwango chake: ananunua vifaa visivyofaa, au anampa mteja punguzo lisilostahili. Mfanyakazi aliyeudhiwa na uamuzi huo yuko mlangoni mwa mwanzilishi akitaka utenguliwe, na ofisi nzima inasubiri kuona. Mwanzilishi akiutengua, kesho foleni itarudi mlangoni kwake. Akimwambia "rudi kwa meneja wako", kisha akakaa na meneja faraghani kuzungumzia kosa, hasara ya vifaa hivyo ataibeba, na meneja atakuwa meneja.