Vitufe vya polima: metfomini au glipizaidi?

Maabara ya famasia ya Moshi au Arusha yenye mizani, bomba la sindano na kikorogeo inaweza kutengeneza vitufe vya polima (chembe ndogo za duara, za molekuli ndefu kama mnyororo) vya kutoa dawa ya kisukari polepole. Ugumu uko kwenye kuchagua dawa ya kutia ndani.

Wengi hukimbilia metfomini. Hesabu inaikataa: kitufe kikibeba dawa asilimia 30, miligramu 500 zinahitaji gramu 1.67 za vitufe, na kapsuli namba 00 ina ujazo wa mililita 0.95 tu. Isitoshe, metfomini huyeyuka mno majini. Ukiichanganya na alginati ya sodiamu (polima ya mwani wa kahawia) ya asilimia 2 na kuidondosha kwenye kalsiamu kloraidi, dawa huvujia humo humo vitufe vinapoganda. Ukivitoa mapema kuokoa dawa, vinabaki laini na kushikana vikikaushwa. (Mwani wa Zanzibar hausaidii hapa, unatoa polima nyingine, karajinani, si alginati.)

Watetezi wake wana hoja nzito. Kidonge cha kutoa dawa polepole kikisagwa kwa ajili ya mzee asiyeweza kumeza, dozi yote humwagika kwa pamoja. Vitufe vingenyunyizwa kwenye uji, na hapo gramu 1.67 si kitu. Lakini metfomini hufyonzwa zaidi sehemu ya juu ya utumbo mwembamba. Inayotoka baada ya hapo hupotea sehemu kubwa.

Dozi ya glipizaidi, dawa nyingine ya kisukari, ni miligramu 5 au 10, nusu ya dawa huondoka mwilini ndani ya saa 2 hadi 5, na haiyeyuki vizuri majini, kwa hiyo hubaki ndani ya alginati. Ethili selulosi, polima isiyoyeyuka majini, ikiyeyushwa katika kiyeyushi daikloromethani na kukorogwa kuwa matone, hudhibiti utoaji vizuri zaidi, ila umeme ukikatika na kikorogeo kikasimama, matone huungana kuwa bonge. Tena mabaki ya kiyeyushi hicho hayaruhusiwi kuzidi sehemu 600 katika milioni, na kuyapima kunahitaji mashine ya kromatografia ya gesi. Ningeanza na alginati iliyopakwa kitosani (polima ya maganda ya kamba): alginati tupu hustahimili asidi ya tumbo, lakini kwenye kimiminika cha fosfeti cha pH 6.8, kinachoiga utumbo, hupoteza kalsiamu, ikavimba na kupasuka.

Hatari ya glipizaidi ni moja, na si ndogo. Metfomini ikimwagika, mgonjwa huharisha. Glipizaidi ikimwagika kwa mtu aliyeenda shamba bila kula, sukari hushuka hadi akazimia. Basi kila kundi la vitufe lipimwe utoaji wa dawa kwenye vyombo sita, kila kimoja chenye mililita 900 za kimiminika, nyuzi 37, kwa saa 2 katika asidi kisha pH 6.8. Chombo kimoja kikitoa nusu ya dawa ndani ya saa ya kwanza, kundi zima litupwe.