Kigiriki Kitanunua Unga?

Mwenzangu mmoja wa kazini alipotangaza kwamba anajiandikisha kusoma Kigiriki cha kale, jioni, ofisi nzima ilicheka. "Mama, unarudi ngumbaru?" mmoja akamuuliza. Kisha likafuata swali lenyewe la Nairobi: hicho Kigiriki kitanunua unga?

Mzaha ule una mizizi. Masomo ya jioni jijini yalijengwa juu ya cheo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipowafungulia mlango wanaojilipia karo mwaka 1998, makarani na walimu walimiminika madarasani baada ya kazi kwa sababu digrii iliongeza mshahara. Halafu yakaja matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ya 2016: waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, hawakufika 90,000, serikali ikaweza kuwapa wote nafasi za kawaida inazozidhamini, na ule mfereji wa pesa ukaanza kukauka. Ikiwa kozi zenye cheti zilidorora hivyo, nani atamlipia Plato?

Tena kuna barabara. Darasa likiisha saa mbili usiku na mvua imenyesha, nauli ya Rongai imepanda, magari hayasongi, na mtoto nyumbani amelala bila kumwona mamaye. Hoja hii ya muda naikubali yote.

Ya unga siikubali. Wanaokimbia msitu wa Karura kila Jumamosi hawaulizwi faida yake. Na mtu mzima husoma vingine: kijana wa miaka 19 atalipitia Al-Inkishafi, lile shairi la magofu ya Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, akiwinda alama za mtihani. Aliyekwisha kuzika mzazi na kuona nyumba ya ukoo ikiuzwa hahitaji kuelezwa linasema nini.

Ugomvi wangu na mwenzangu uko kwingine. Kwa nini tukitaja lugha za kale macho yanakimbilia Athens na Roma? Mwanafunzi wa teolojia ana sababu, maana Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki. Wakili naye hukutana na Kilatini mahakamani. Sisi wengine je? Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, unaosimulia vita vya Waislamu na Herekali. Herekali huyo ni Heraclius, kaizari wa Byzantium, dola ya Kirumi ya mashariki, aliyetawala kwa Kigiriki. Mgiriki unayemtafuta ng'ambo yumo humu humu, ndani ya Kiswahili.

Humu ndani, hata hivyo, hamwingiliki kirahisi. Tendi zile ziliandikwa kwa khati ya Kiarabu. Aliyepitia madrasa ana pa kuanzia, lakini naye atakwama: waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja kwa b, p na mb, na alama moja kwa e na i. Inakubidi ulijue neno kwanza ndipo uweze kulisoma. Juu ya hayo kuna lahaja, ambamo macho ni mato na nchi ni nti. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja za Lamu na Pate zilibaki pembeni, na shule zetu hazijazirudia ipasavyo. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba walitaka chuo hicho hicho cha Nairobi kiiweke Afrika katikati ya somo la fasihi. Kwenye lugha za kale bado tunaanzia ugenini.

Mtetezi wa Kigiriki ana jibu zito, nami sina budi kulikiri. Kigiriki kina kamusi, vitabu vya sarufi na mbinu za kufundishia zilizonolewa kwa karne nyingi. Mwalimu anaweza kuanza Jumatatu. Kiswahili cha kale kina miswada ambayo mingi imehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London, na ingawa sehemu yake sasa inaonekana kwenye intaneti, picha ya mswada haimfundishi mtu kusoma. Wenye ujuzi ni wachache, na wengi wao wako pwani.

Nilimweleza mwenzangu haya yote tukinywa chai ya saa nne. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza darasa hilo la khati na Kiamu, lahaja ya Lamu, liko jengo gani, na linaanza saa ngapi. La Kigiriki ameshalipia.