Je, Kazi Nzuri Hujiuza Yenyewe? Tafakuri Kuhusu Mitandao ya Kijamii ya Kikazi

Wataalamu wengi wanaosita kujiweka hadharani katika mitandao ya kijamii ya kikazi huegemea methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni msimamo wenye heshima yake, na sioni sababu ya kuubeza. Hata hivyo, methali hiyo inachukulia kwamba mnunuzi hupita mbele ya bidhaa na kuiona kwa macho yake, ilhali kazi ya mhasibu, mhariri, mhandisi wa programu au mtaalamu wa maabara hubaki ndani ya majalada ya mwajiri, ikijulikana na watu wachache waliofanya naye kazi. Mtu wa namna hiyo anaweza kufanya kazi safi kwa miaka 15 na, siku kampuni inapofungwa, akakuta hakuna anayemjua nje ya lango lake. Hapo ndipo wanaoamini kwamba biashara ni matangazo hupata nguvu ya hoja.

Nguvu hiyo ina msingi wa kitaaluma pia. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza kwamba watu tunaofahamiana nao juujuu hutufikishia habari ambazo marafiki wa karibu hawana, kwa kuwa marafiki hao huzunguka mlemle tunamozunguka na hujua yaleyale tunayoyajua. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusu watumiaji wapatao milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa kikazi, kwa kipindi cha miaka mitano, ambapo mfumo unaopendekeza watu wa kuungana nao ulifanyiwa mabadiliko madogo kwa makundi tofauti ya watumiaji. Matokeo yaliunga mkono wazo la Granovetter, lakini kwa masharti. Watu wanaofahamiana kwa kiasi, ambao si wageni kabisa wala si wandani, ndio walioelekea zaidi kumfikisha mtu kwenye kazi mpya. Tena hali hiyo ilijitokeza katika sekta zinazotumia sana teknolojia ya kidijitali, na katika zile zisizoitumia sana, watu wa karibu ndio waliofaa zaidi.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa kujitangaza hulipita haraka: kilichopimwa katika utafiti huo ni kufahamiana, si wingi wa machapisho. Mtu anaweza kuandika kila asubuhi kwa mwaka mzima na asipate hata mfahamiano mmoja wa maana, na mwingine akanyamaza miezi mitatu lakini kila mradi ukimalizika akaungana na watu aliokutana nao humo, akawaandikia maneno mawili matatu ya kuwakumbusha walifanya nini pamoja. Kwa maoni yangu, mjadala huu umekuwa mgumu bila sababu kwa kuwa tumechanganya mambo matatu, yaani wasifu, kufahamiana na uchapishaji, kana kwamba anayekubali moja lazima ayabebe yote.

Wenye mashaka nao wana hoja ambazo haziwezi kupuuzwa. Mitandao hii hulipwa na waajiri, watangazaji na wanachama wa kulipia, kwa hiyo husukuma mbele kile kinachoyashika macho, na mwandishi huanza polepole kuacha kueleza kazi yake na kusimulia machozi na ushindi wake. Aidha, mtu anajenga katika kiwanja cha mtu mwingine. Mwaka 2012 LinkedIn ilivamiwa na nywila zikaibwa. Miaka minne baadaye ikabainika kwamba akaunti zilizoathirika zilizidi milioni 100. Urusi iliufungia mtandao huo mwaka 2016, na huko China huduma yake ilipunguzwa na hatimaye kufungwa mwaka 2023. Hata ule utafiti wa 2022 uliibua maswali ya kimaadili, kwa sababu watumiaji hawakuarifiwa mmoja mmoja kwamba fursa zao za kufahamiana zilikuwa zikijaribiwa.

Hatari nyingine iko karibu zaidi na mezani pa mtu. Mfanyakazi anayepamba wasifu wake ghafla huweza kudhaniwa kwamba anataka kuondoka. LinkedIn humruhusu mwanachama kuwaonyesha maafisa wa ajira pekee kwamba yuko tayari kwa kazi mpya, lakini yenyewe inakiri kwamba haiwezi kuhakikisha usiri kamili. Kwa anayetegemea mshahara wa mwezi huo, hilo si jambo dogo.

Nikipima pande zote mbili, naona wasifu hauna mpinzani wa kweli, kwa kuwa huandikwa mara moja na kurekebishwa kila kazi inapobadilika. Tatizo ni kwamba wengi huuandika kwa sifa badala ya ushahidi. Anayejiita mhasibu mwenye ari na ubunifu hajasema lolote, lakini anayeandika kwamba yeye ni mhasibu wa gharama za uzalishaji, na kwamba amewahi kuhamisha hesabu za kiwanda kutoka vitabu vya mkono hadi programu, amempa msomaji kitu cha kuulizia. Vivyo hivyo, ujuzi unaothibitishwa kwa kubofya mara moja, utaratibu ulioingizwa LinkedIn mwaka 2012, una uzito mdogo, maana hata asiyewahi kukuona kazini anaweza kubofya. Maelezo matatu yaliyoandikwa na msimamizi, mteja na mwenzako wa kazi yanawazidi mbali wabofyaji 90, kwa sababu kila mwandishi ameweka jina lake na heshima yake nyuma ya maneno hayo.

Kuhusu kuchapisha, sidhani kuna kanuni moja ya watu wote. Mshauri wa kujitegemea, mkufunzi au mwandishi anauza maarifa, na andiko zuri ni sampuli ya bidhaa yake. Huyo ana sababu ya kuandika mara kwa mara. Muuguzi, mwanasheria au mkaguzi wa hesabu anabeba siri za watu, na simulizi moja isiyofichwa vizuri inaweza kumgharimu leseni. Kwake, maoni machache yenye uzito chini ya maandishi ya wenzake wa taaluma yanatosha, na mara nyingi humfikisha kwa wasomaji walewale.

Katika miaka ya karibuni programu za akili bandia zimeweza kuandika chapisho laini kwa sekunde chache, na hili, naamini, litabadilisha mizani kuliko ushauri wowote wa wakufunzi. Ufasaha peke yake hauthibitishi tena kwamba mwandishi anaijua kazi. Afisa wa ajira aliyesoma machapisho 50 yanayofanana atarudi kwenye kile ambacho programu haiwezi kumtungia mtu: mradi unaoweza kukaguliwa, na mtu halisi anayepokea simu na kusema kwamba alikuwapo kazi hiyo ilipofanyika.